Nyumbu Wetu, Sifa ya Jirani

Nyumbu wapitao Robanda kuelekea kaskazini huishi upande wetu wa mpaka sehemu kubwa ya mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilometa za mraba 14,763. Maasai Mara ya Kenya yapata 1,500 tu. Hata hivyo, kwa wageni wengi msafara huo ni sifa ya Kenya, kwa kuwa Nairobi ilitangulia kuijenga biashara ya utalii na kuitangaza kwa picha zake.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Serikali yetu iliufunga mpaka hadi 1983. Kufuli lile lilizuia magari ya watalii, picha halikuzizuia. (Walioumia ni Wakurya, waliokwisha kugawanywa na mstari wa Waingereza na Wajerumani tangu 1886.)

Linaloniuma zaidi si fedha. Picha hizo humwonyesha Mmasai peke yake, kana kwamba Waikoma hatukuwinda wala kulima katika nyika hii. Kijana wetu atakaye kumpendeza mgeni hujifunga shuka jekundu, naye hana la kusema juu ya Machaba, pembe za ndovu ziheshimiwazo na wazee wa Ikoma. Hapo jirani hana kosa.

Naomba jumuiya ndogondogo ziwaalike wazee wasimulie habari hizo mbele ya watoto, kwa Kiikoma, na walimu waziandike. Katekista asihofu: kusimulia si kutambika.