Nani Aliyefunga Barabara?

"Maandamano yanaua biashara." Utaisikia hoja hii Buruburu, Umoja, Kayole, na ndani ya matatu yoyote iendayo mjini. Mwendelezo wake ni ule ule: serikali ikitumia rungu na risasi, inamlinda mama mboga. Naiheshimu hofu iliyomo, kwani anayekula alichochuma leo hana akiba ya kumvusha siku asipouza. Ila hoja yenyewe si kweli, na Julai 7, 2025 iliivua nguo.

Siku hiyo ya Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya Julai 7, 1990, polisi waliwatangulia waandamanaji. Njia kuu za kuingia katikati ya jiji la Nairobi zilizibwa tangu alfajiri, matatu zikarudishwa, abiria wakashuka na kuendelea kwa miguu. Mama mboga wa Eastlands hufuata nyanya na sukuma wiki soko la Marikiti gizani, ili kufikia saa mbili meza yake iwe imepangwa. Akikuta kizuizi saa kumi na moja, siku yake imekwisha, na aliyeimaliza amevaa sare. Kisha Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu waliouawa: wasiopungua 31, kwa siku moja. Hao ni wateja wake, watoto wake, jirani zake wa ploti.

Nitaambiwa kuna uporaji. Upo, na Juni 25 mwaka huo watu walipoteza maduka waliyoyajenga kwa jasho la miaka. Mporaji akamatwe, ashtakiwe. Lakini Juni 17 vijana wenye marungu waliingia jijini kwa pikipiki wakiwacharaza waandamanaji, polisi wakiwa papo hapo. Julai 6 wahuni walivamia ofisi za shirika la haki za binadamu la KHRC, mbele ya wanahabari waliokuja kuwasikiliza kina mama wakitaka ukatili wa polisi ukome. Serikali inayochukia fujo kwa dhati ingeanza na hao.

Wengine husema ukali hutuliza. Eastlands inajua zaidi. Julai 1990 Rais Moi aliupiga marufuku mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi na kuwaweka kizuizini Kenneth Matiba na Charles Rubia siku chache kabla. Watu wakaenda vivyo hivyo. Ghasia na risasi zikaendelea kwa siku kadhaa. Je, nchi ilitulia? Mwaka na nusu haukuisha kabla ya kifungu 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kufutwa Desemba 1991.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa hayo hayo kwa kasi zaidi. Risasi walizopigwa waandamanaji Juni 25 hazikuuokoa Mswada wa Fedha walioupinga. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Risasi zilichozaa ni makaburi, na makaburi ndiyo yaliyowatoa watu nyumbani tarehe ile ile mwaka uliofuata. Hawakuja kwa ajili ya ushuru tena. Walikuja kuwakumbuka wafu na kuuliza nani atashtakiwa.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Kukitekeleza hakuhitaji miujiza: askari wenye majina yao kifuani watembee kando ya msafara, wakamate anayevunja duka, na waiache matatu ya saa kumi na moja ipite kwenda Marikiti.