Bukavu–Kinshasa: umbali ni ule ule, safari imezidi mara mbili

Toka kiwanja cha ndege cha Kavumu hadi N'djili, Kinshasa, ni karibu kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka. Ndege ilizimaliza kwa masaa mawili hadi matatu, kulingana na aina yake. Umbali huo haujabadilika. Njia ndiyo imebadilika.

Tarehe 14 mwezi wa pili 2025, waasi wa AFC/M23 waliteka Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Bukavu. Siku mbili baadaye mji wenyewe ulikuwa mikononi mwao. Kiwanja cha Goma kilikuwa kimeanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Hadi mwaka 2025 unaisha, ndege za abiria toka Kinshasa zilikuwa hazijarudi kwenye viwanja hivyo viwili. Na barabara nzima ya kufika Kinshasa haipo.

Ndiyo maana mkaaji wa Bukavu anayeenda magharibi ilimbidi aanze kwa kwenda mashariki. Anavuka mto Ruzizi, anaingia Rwanda, anapanda ndege Kamembe ao gari la kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali. Kwa kuwa Kinshasa ilifungia ndege za Rwanda anga yake mwezi huo huo wa pili, anatafuta ndege nyingine ya kumpitisha Nairobi, Entebbe ao Addis Ababa.

Tuchukue njia ya Nairobi. Kamembe hadi Kigali ni karibu kilomita 150, Kigali hadi Nairobi 750, Nairobi hadi Kinshasa 2,400. Jumla ni 3,300, zaidi ya mara mbili ya njia ya zamani. Ukiongeza mpaka na kungojea ndege, masaa mawili yamegeuka siku nzima ao zaidi.

Tofauti nyingine iko mfukoni. Zamani kadi ya mchaguzi ilitosha, kwa sababu ni safari ya ndani ya nchi. Sasa inahitajika pasipoti na tikiti za kimataifa, katika mji ambao benki zake zilifungwa. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi wasio na pasipoti wanabaki.

Kavumu ina funguo mbili. Ardhi iko kwa AFC/M23. Anga inasimamiwa na Kinshasa, kupitia RVA. Mmoja peke yake hawezi kufungua. Goma ilionyesha hivyo: tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, Rais Emmanuel Macron alitangaza mjini Paris kwamba kiwanja chake kitafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ilipinga, ikisema haikuulizwa. Mwaka uliisha bila ndege hizo kuanza.

Kwa hiyo, makubaliano yoyote juu ya Kavumu yapimwe kwa maswali ya kawaida: nani ataongoza ndege toka mnarani, nani atakagua abiria, na pesa ya Go-Pass itaingia sanduku la nani?