Yatima Atembelewe Nyumbani kwa Mjane

Kila ufikapo mwezi wa Juni, skuli na vyuo vya Ulaya na Marekani vikafungwa, viwanja vya ndege vya Nairobi, Kilimanjaro na Entebbe hupokea makundi ya vijana waliovaa fulana za rangi moja, zenye jina la kanisa lao na aya ya Maandiko mgongoni, wakiongozwa na mchungaji na wazazi wawili watatu, nao wamekuja kwa nia ya kuwahudumia watoto yatima. Kwa muda wa siku kumi au wiki mbili hupaka rangi kuta za makao ya watoto, hufundisha nyimbo, hucheza mpira, hugawa nguo na peremende, hupiga picha, hulia machozi ya kweli siku ya kuagana, kisha hurudi kwao. Wengi wao wameosha magari na kuuza keki mwaka mzima ili wapate nauli, wakaacha starehe ambazo wenzao hawakuziacha, na mtu asiyeiona ghera hiyo kuwa ni neema amekosa insafu. Siandiki ili kuizima. Naandika kwa kuwa nimesadiki, baada ya kutazama na kusoma, kwamba njia tuliyoizoea, wao wanaokuja na sisi tunaowapokea, inamdhuru mtoto yule yule tunayetaka kumfaa, na kwamba ghera hiyo ina mahali pake panapostahili ambapo hatujaipeleka.

Aya ionekanayo mara nyingi katika fulana hizo ni ile ya mwisho wa sura ya kwanza ya Waraka wa Yakobo, inayoamuru wamchao Mungu wawaendee yatima na wajane katika dhiki yao. Tuitazame amri hiyo kwa makini. Yakobo hakumtenga yatima na mjane. Aliwataja kwa pumzi moja, maana katika desturi za watu wake, kama katika desturi zetu, mtoto aliyefiwa na baba hukaa kwa mama yake, na dhiki ya mmoja ndiyo dhiki ya mwenziwe. Basi atakaye kuitii amri hii hana budi apige hodi kwa mjane. Sisi tumefanya jambo jingine kabisa: tumemtoa mtoto mikononi mwa mjane, tukamjengea makao yenye lango na ubao wa jina, mjane tukamwacha alipo na dhiki yake, kisha tukaenda kumtembelea mtoto peke yake na kusema amri imetimizwa.

Wako watakaoona nimezidisha, kwa kuwa wanaamini kwamba watoto wa makao hayo hawana mtu duniani. Shirika la Save the Children lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2009 kwamba wanne, au zaidi, katika kila watoto watano walio katika makao ulimwenguni wana mzazi mmoja hai au wote wawili, na aliyefiwa na wote aghalabu ana bibi, shangazi au mjomba. Kinachowafikisha langoni ni ada ya skuli iliyoshinda, mvua iliyokosa, ugonjwa wa mama, au baba wa kambo asiyewataka. Mama huyo huambiwa na mtu wa heshima, pengine mwenye kola ya kanisa, kwamba mwanawe atasoma, atakula mara tatu, na wafadhili wa Ulaya watamsomesha hadi chuo. Nani kati yetu, akiwa na watoto wanne na shamba lililokauka, angekataa? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ni kwa uchungu huo huo anamtoa.

Pwani yetu yenyewe inayo historia ya kutufunza katika mlango huu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na Waanglikana walipoanzisha makao ya Mbweni huko Unguja na Freretown karibu na Mombasa katika miaka ya 1870, waliwapokea watoto waliokombolewa sokoni au kutolewa katika majahazi ya watumwa, watoto walioibwa pande za Nyasa, Uyao na Manyema, wasioijua njia ya kurudi kwao wala kama kwao kungaliko. Mtoto wa namna hiyo alihitaji dari ya misheni, kwa kuwa jamaa zake wote walikuwa wamempotea. Lakini mtoto anayelala leo katika makao yaliyo nje ya Arusha au Kisumu, bibi yake yuko mwendo wa basi moja, namba yake ya simu inajulikana, na kaburi la baba yake liko nyuma ya nyumba anayokaa bibi huyo. Tukiendelea kumtendea kama aliyetolewa jahazini, basi sisi wenyewe ndio tunaomkata na jamaa ambao mtoto wa zamani alikatwa nao na mfanya biashara ya watumwa.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika makao mamoja, ambayo sitayataja jina, siku wageni walipokuwa wakingojewa. Watoto wa darasa la pili na la tatu hawakwenda skuli siku ile. Walivishwa sare safi, wakapangwa mistari kwa kimo, wakarudia wimbo wa makaribisho hadi sauti zikakauka. Basi dogo lilipoingia langoni, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi alitoka mbio, akaukumbatia mguu wa msichana wa kwanza kushuka, mtu ambaye hajapata kumwona, akainua mikono abebwe. Wageni waliguswa mno, wakasema mtoto huyu amejaa upendo. Mama mlezi aliyesimama kando yangu, mwenye watoto kumi na wanane wa kuwaogesha na kuwalaza peke yake, akaniambia kwamba binti yule humwendea hivyo kila mgeni, na wageni wakiondoka hukataa uji siku mbili, kisha huzoea. Kibarazani, mwingine wa miaka sita alikuwa akimsuka mgeni nywele, huku akimwita kwa jina la msichana aliyekuja mwaka uliotangulia.

Mtoto aliyelelewa kwao amwonapo mgeni hukimbilia kwa mama. Hujifunika kwa upindo wa kanga, huchungulia kwa jicho moja, na hata akisogea husogea hatua moja na kurudi mbili, mpaka moyo wake utulie. Haya hiyo ni himaya aliyopewa na Muumba. Mtoto anayemrukia kila apitaye hakuwazidi wenzake kwa upendo. Amekosa wa kumkimbilia, na kila kundi linalomzoesha na kumwacha huzidi kumfundisha kwamba mapenzi ni kitu cha kuja na kuondoka. Jambo hili halikuachwa katika macho ya akina mama walezi tu. Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza uchunguzi wa watoto wachanga 136 waliokuwa katika nyumba za yatima za Bucharest, mji mkuu wa Romania. Nusu yao, kwa kura, walipewa familia za kuwalea, na nusu wakaachwa katika matunzo yaliyokuwako. Miaka ilipopita ikadhihirika kwamba waliopata familia waliwashinda wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mlezi mmoja, hususan wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Seuze basi mtoto ambaye familia yake ya damu iko, nasi twaijua inapokaa!

Mintarafu ya fedha nitasema waziwazi, maana hapa ndipo wengi wetu tunaopokea hunyamaza. Makao hupata riziki yake kwa idadi ya watoto, na wageni hawaji kutazama vitanda vitupu. Kwa hiyo kitanda kilichokwisha fadhiliwa hutafuta mtoto wa kukilalia, na asipopatikana karibu hutafutwa vijijini. Wala matumizi hayo si ya busara hata kwa hesabu ya mwenye duka. Katika mkoa wa Kagera, ambako UKIMWI uliwafisha wazazi mapema kuliko kwingine Tanzania, hesabu za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kumtunza mtoto mmoja katika makao kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa katika familia inayomlea. Nauli ya kijana mmoja kutoka Marekani hadi Kilimanjaro na kurudi aghalabu huzidi kiasi hicho. Na kwa ukuta anaoupaka rangi yuko fundi wa mtaa ule ule ambaye angeupaka kwa ujira wa kuwalisha wanawe, wasije nao wakaletwa langoni.

Ghera isiyo na hadhari huweza kufika mbali. Baada ya tetemeko lililoibomoa Haiti tarehe 12 Januari 2010, Wamarekani kumi, wengi wao kutoka makanisa ya Kibaptisti ya Idaho, walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati. Walisema wanawaokoa yatima. Ikafunuliwa baadaye kwamba wazazi wa watoto hao walikuwa hai, nao waliwatoa kwa mikono yao kwa kuahidiwa masomo na maisha mema, na watoto wakarudishwa kwao. Sina shaka kwamba wengi wa watu wale waliomba Mungu kabla ya kusafiri. Dua haikuwaondolea wajibu wa kuuliza.

Dunia imeanza kuuliza, na Afrika ya Mashariki haikubaki nyuma. Rwanda, ilipohesabu mwaka 2012, ilikuta watoto na vijana zaidi ya 3,300 katika makao 33, ikaanzisha mpango wa kuwarudisha kwa jamaa au kwa familia za walezi. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi wa Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka 10 wa kuwahamisha watoto, zaidi ya 40,000, kutoka makaoni kwenda katika familia. Umoja wa Mataifa, katika azimio la tarehe 18 Desemba 2019, uliyataka mataifa yazuie madhara ya kazi za kujitolea katika nyumba za yatima, zikiwamo zile ziambatanazo na utalii. Australia imekwenda mbele zaidi: katika kuitunga sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa mamboleo, iliihesabu biashara ya kuwaingiza watoto makaoni kuwa ni sura mojawapo ya utumwa huo. Kanisa, lililojenga Bagamoyo na Freretown ili kuwaponya watoto na utumwa, lisingojee kusukumwa na wabunge katika jambo hili.

Najua swali litakaloulizwa: je, yule ambaye kweli hana mtu? Yupo, naye ana haki kubwa juu yetu. Lakini hata huyo anahitaji mama na baba wa kumlea kabla ya kuhitaji jengo, na kabla hatujasema hana mtu tumtafutie kwa bidii ile ile tunayoitumia kutafuta wafadhili. Sheria zimefungua njia: kuna ulezi wa muda, kuna kuasili, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua hata kafala, ambayo ndugu zetu Waislamu wanaijua kwa karne nyingi na ambayo majumba ya pwani yameitumia kulea watoto wa ndugu na wa majirani bila ubao wala picha. Makao machache yatabaki, kwa muda mfupi na kwa dharura, chini ya jicho la ofisa wa ustawi wa jamii. Wageni wa kupita hawana kazi humo, kama wasivyokuwa na kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi.

Nao vijana, waje au wasije? Mimi nasema waje. Umoja wa Kanisa ni jambo tukufu, na kijana wa Minneapolis aliyekula ugali na kuimba tenzi na wenzake wa Moshi amepata elimu ambayo chuo hakimpi. Ila waje kama wana wanaokuja kwa wazee, wakae majumbani mwa waumini, wawafuate akina mama wa umoja wa wanawake wanapokwenda kuwaona mabibi wanaolea wajukuu, wabebe mbolea, waezeke paa, wachote maji, wasikilize zaidi ya kusema, wala wasipige picha ya mtoto ambaye mama yake hakuulizwa. Fedha zao zilipe ada skulini, bima ya afya, mbuzi wa maziwa, mtaji wa genge la mama. Na vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao nao wameanza kupanga safari za kuvuka mpaka kwenda kuwaona yatima, kwanza wawaulize wazee wa jumuiya zao ni bibi gani wa mtaa wa pili anayelea wajukuu watano kwa kuuza vitumbua.

Wazee na wachungaji mlio na wageni wa mwaka ujao, waandikieni sasa, kabla hawajalipa tiketi. Waambieni kwamba mtawapokea kwa mikono miwili, mtawalaza majumbani mwenu, na kwamba hawatapelekwa makaoni. Kisha mwiteni ofisa wa ustawi wa jamii, au ofisa wa watoto kwa mlio Kenya, fungueni daftari la makao yenu, mtazame jina la kila mtoto na kijiji alikotoka, na sadaka ya wageni hao iwe nauli ya kumtafuta mama yake na mtaji wa kumwezesha kumpokea.