Gari la otomatiki: Kagua waya kabla ya kubadili giaboksi

Mfanyabiashara wa mazao wa Rulenge anayetafuta gari la kubebea ndizi, maharage au mahindi hukuta sokoni magari mengi ya otomatiki kuliko yale ya klachi. Sababu iko Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1991 nchi hiyo ilianzisha leseni ya udereva ya magari ya otomatiki pekee, na tangu hapo wanunuzi wake wengi wameachana na klachi. Kinachouzwa huko leo ndicho kinachofika Ngara na Biharamulo baada ya miaka 10 au 15.

Sera za nchi jirani zinatofautiana. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania imekuwa ikitumia ushuru mkubwa zaidi kwa gari kuukuu badala ya kulizuia. Kutokana na hali hiyo, magari ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 bado yapo mengi vijijini, na ndiyo yanayofanya kazi ngumu zaidi.

Hasara kubwa inayowapata wenye magari hayo haitokani na otomatiki yenyewe. Inatokana na uamuzi wa haraka wa kubadilisha giaboksi nzima wakati tatizo liko kwenye waya, fyuzi au sensa.

Inavyofanya kazi

Mfano mzuri ni familia ya giaboksi za Toyota zinazoitwa A340, zilizotengenezwa na kampuni ya Aisin ya Japani tangu miaka ya 1980. Aina ya A340E ni ya magari yanayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na A340F ni ya magari ya magurudumu manne. Zimefungwa katika magari madogo ya abiria na pikapu nyepesi. Hata Jeep Cherokee ya Marekani ilitumia ndugu yake aliyeitwa AW4 kuanzia 1987 hadi 2001.

Giaboksi hii ina gia nne za kwenda mbele. Oili yenye mgandamizo ndiyo inayobana klachi za ndani ili gia iingie. Anayeamua oili iende wapi ni kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta husoma mwendo wa gari na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta, kisha hupeleka umeme kwenye vali ndogo ziitwazo solenoidi. Mbili zinachagua gia, na ya tatu inafunga konveta ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza gari linapokuwa kwenye mwendo.

Kwa maneno mengine, ndani ya giaboksi moja kuna kazi mbili: ya vyuma na oili, na ya umeme. Fundi asiyetenganisha kazi hizo mbili anaweza kuuza giaboksi nzima kwa kosa la waya uliokatika.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo penye fedha za mkulima. Umeme wa solenoidi ukikatika kabisa, giaboksi hizi hazifi. Lever ikiwa kwenye D, gari hubaki kwenye gia ya nne. Kwenye 2 hupata gia ya tatu, na kwenye L hupata gia ya kwanza.

Gia ya kwanza huongeza nguvu ya injini mara 2.8, wakati gia ya nne huipunguza hadi 0.7. Gari linaloondoka kwa gia ya nne lina robo tu ya nguvu lililozoea. Likiwa na magunia kwenye mlima, dereva hukanyaga mafuta zaidi, konveta huteleza, oili huchemka, na klachi za ndani huungua. Hivyo kosa la fyuzi ambalo lingemalizwa asubuhi hugeuka kuwa giaboksi mbovu kweli kweli kufikia jioni.

Dalili ya kuangalia ni rahisi. Gari likiwa zito sana kwenye D lakini linaondoka kwa nguvu kwenye L, vyuma huenda ni vizima na umeme ndio wa kushukiwa kwanza. Likiteleza kwenye L na kwenye rivasi pia, na oili ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapo uchakavu wa ndani ni jambo la kuaminika.

Aidha, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, kompyuta inasema imeona kosa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi umeme huunganisha kwa waya mdogo matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, kisha huhesabu taa hiyo inavyopepesa. Namba 42 na 61 ni za sensa za mwendo. Namba 62 na 63 ni za solenoidi za gia, na 64 ni ya solenoidi ya konveta. Magari ya baadaye yanahitaji mashine ya kupimia.

Hesabu ya hasara

Tuchukulie mfano, kwa bei za kukisia tu. Gari la mchuuzi limekwama Rulenge, na uamuzi ni kulipeleka Kahama likabadilishwe giaboksi. Kulisafirisha ni Sh. 300,000. Giaboksi iliyotumika pamoja na ufundi ni Sh. 1,400,000. Siku saba bila kazi, kwa faida ya Sh. 50,000 kwa siku, ni Sh. 350,000. Jumla ni Sh. 2,050,000.

Kwa upande mwingine, fundi umeme anaitwa kwa Sh. 100,000, solenoidi inanunuliwa kwa Sh. 120,000, na gari linakosa kazi siku mbili, yaani Sh. 100,000. Jumla ni Sh. 320,000. Tofauti ni zaidi ya mara sita. Kila mwenye gari aweke bei za kwake, lakini uwiano hautabadilika sana.

Jambo baya zaidi ni kwamba kosa likiwa kwenye waya za gari, giaboksi mpya nayo itafanya vilevile. Mfanyabiashara atakuwa ametumia mtaji wa msimu na kurudi na tatizo lilelile.

Kulivuta ni hatari

Hasara nyingine hutokea njiani. Pampu ya oili ya giaboksi hizi huzungushwa na injini. Gari la magurudumu ya nyuma likivutwa kwa kamba kutoka Rulenge hadi Nyakanazi injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka bila oili kufika inapotakiwa. Njia salama ni kulipakia kwenye lori, kuinua magurudumu ya nyuma, au kufungua propela shafti kabla ya kulivuta. Gari hizi pia haziwaki kwa kusukumwa, hivyo betri nzima ni sehemu ya mtaji.

Ushauri kwa mnunuzi

Anayenunua gari la namna hii alijaribu kwenye mlima, siyo uwanjani tu. Aangalie oili injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, lever ikiwa kwenye P. Aina ya oili afuate maandishi ya kwenye dipstiki. Aangalie kama taa ya O/D inawaka na kuzimika kitufe kinapobonyezwa, kwa kuwa wapo wauzaji wanaotoa balbu ili kuficha kosa.

Anapopanda milima ya Ngara na mzigo, dereva azime O/D ili gia ya nne isiingie na kutoka kila mara. Kwenye mteremko mkali atumie 2 au L ili injini isaidie breki. Rejeta iwe safi, kwa sababu oili ya giaboksi nayo hupozwa hapo.

Kwa kuwa mashine ya kupimia ni ghali kwa mtu mmoja, wenye magari wa kata moja, au chama cha msingi chenye gari lake, wanaweza kuchangia moja na kumgharamia kijana mmoja akajifunze umeme wa magari VETA. Gari la klachi litabaki chaguo zuri kwa anayelipata kwa bei nafuu. Lakini kwa wengi gari lililopo ni la otomatiki, na faida yake itategemea swali la kwanza litakaloulizwa gereji: je, waya zimepimwa?