Kurudi Japani Kabla ya Kurudi Buyenzi

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinitumia ujumbe wa sauti saa nane za usiku. Kwake ilikuwa saa tatu asubuhi, na nyuma ya sauti yake nilisikia tarumbeta, vicheko vya watoto na mngurumo wa kitu kilichopita kwa kasi. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimerudi Japani. Safari hii niko peke yangu."

Jina lake nitalihifadhi. Alizaliwa Buyenzi, akasoma Kiswahili sanifu kwangu, na leo anaishi Kanada, ambako hufanya kazi ya usiku katika ghala. Safari yake ya kwanza alikwenda Japani pamoja na wenzake wa kazini. Walizunguka mahekalu na maduka, wakatenga siku moja tu kwa ajili ya bustani ya michezo, na siku hiyo moja ndiyo iliyomwita tena. Aliweka akiba kwa miaka miwili, akarudi bila rafiki, bila biashara na bila shahada ya kutafuta. Alitaka kupanda vile vigari vinavyopaa na kuporomoka juu ya reli, na kuuona tena mlima wa volkano uliojengwa na watu katikati ya Tokyo DisneySea. Mapenzi haya ni ya tangu utotoni. Tarehe za kufunguliwa kwa bustani hizo anazijua kama vijana wengine wanavyoyajua matokeo ya mpira.

Habari zilifika Buyenzi kabla hajapanda ndege ya kumrudisha kazini, zikahukumiwa vibarazani bila wakili. Mzee mmoja alisema kwamba mtu mzima hapandi bembea. Jirani akaongeza kwamba kama ni kupanda, basi apande na wenzake, kwani anayecheka peke yake ana jambo. Shutuma nzito kuliko zote ilitoka kwa shangazi yake: "Amerudi Japani kabla ya kurudi kwao. Mama yake hajamwona kwa miaka sita." Kisha wakanigeukia mimi, mwalimu wake, wakataka nitoe maoni. Ninayatoa hapa, ili wanafunzi wangu wa leo nao wayapime.

Nianze na neno lenyewe, maana ugomvi huu kwa sehemu ni ugomvi wa kitenzi. Kijana angesema "nimekwenda tena Japani," nadhani vibaraza vingekasirika nusu. Aliposema "nimerudi," alitumia neno ambalo masikio yetu hulielekeza nyumbani. Jioni tunaulizana, "Mmerudi?" wala hatuulizi ni wapi. Lakini kitenzi hiki kina mambo mengi tumboni. Nguo mpya ikifuliwa ikapungua, husemwa kwamba imerudi. Mzazi anayemkanya mwanawe humrudi. Wanandoa waliotengana wakipatana, wamerudiana. Na anayesoma somo lile lile mara ya pili analirudia, wala hatumwambii kwamba amelisaliti somo jingine. Kijana wetu hakudai kwamba Japani ni kwao. Alilirudia jambo lililompendeza, kama mtu arudiavyo kitabu.

Neno la pili ni "peke." Chunguzeni tabia yake: halisimami lenyewe. Ni lazima lifuatwe na kimilikishi, yaani peke yangu, peke yako, peke yao. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba neno la kutaja aliye mwenyewe halitembei peke yake. Jirani yake ni "pweke," ambalo huongeza huzuni, na hapo ndipo vibaraza vilipochanganya mambo. Aliyekwenda peke yake si lazima awe mpweke. Nimewaona wapweke wengi arusini.

Nilipomwuliza kwa nini huko na si kwingine, alinijibu kwa ufupi: "Mwalimu, hapa hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani." Akanieleza kwamba katika baadhi ya michezo ya DisneySea, na vilevile katika Universal Studios Japan kule Osaka, kuna foleni ya waliokuja peke yao. Kigari kina viti viwili viwili. Familia ya watu watatu ikikaa, kiti kimoja hubaki kitupu, na mfanyakazi humwita mtu kutoka foleni ile akijaze. Kwa hiyo aliye peke yake hutangulia mara nyingi, kwa kuwa nafasi yake ilikwisha kufikiriwa kabla hajafika. Mikahawani nako, mteja aliyekuja bila mwenzi huitwa kwa neno la heshima, "ohitorisama." Ndani yake mna "hitori," yaani mtu mmoja, likiwa limezungukwa na viambishi viwili vya adabu. Mtu mmoja anapewa viambishi viwili! Mwalimu wa sarufi hawezi kulipita jambo kama hilo bila kusimama.

Msidhani ninasema kwamba Wajapani wamezaliwa na upole usiopatikana kwingine. Siamini hivyo, na mwalimu wa uraia anayesema hivyo anawadanganya wanafunzi wake. Makaribisho yale ni kazi inayofanywa kila siku kwa kanuni na mazoezi. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipoitikisa Japani, wageni wapatao 70,000 walikuwa ndani ya Tokyo Disneyland na DisneySea. Wafanyakazi waliwagawia wanasesere wa madukani wajikinge vichwa, wakawapa chakula, na maelfu ya wageni walilala humo humo. Waliweza kwa sababu walikuwa wamekwisha kujizoeza mara nyingi kabla ya siku hiyo. Tokyo Disneyland ikafunguliwa tena tarehe 15 Aprili, siku ile ile ambayo mwaka 1983 ilifungua milango yake kwa mara ya kwanza.

Wala mahali pale hapakushuka kutoka mbinguni. Tokyo Disneyland haiko Tokyo. Iko Urayasu, katika mkoa wa Chiba, juu ya ardhi iliyopatikana kwa kuijaza bahari udongo. Zamani Urayasu ilikuwa kijiji cha wavuvi walioishi kwa chaza na mwani. Mwaka 1958 kiwanda cha karatasi kilichokuwa juu ya mto kilimwaga maji machafu, viumbe vya bahari vikafa, wavuvi wakakivamia kiwanda wakapambana na polisi. Mwaka huo huo bunge la Japani likapitisha sheria mbili za kulinda maji. Hata hivyo uvuvi haukupona. Ilipofika mwaka 1971 wavuvi wa Urayasu walikuwa wamekwisha kuziachia haki zao zote za uvuvi, na bahari yao ikawa nchi kavu. Nilimwandikia kijana habari hizi, akakaa siku mbili bila kunijibu. Kisha akaniambia kwamba alikuwa ametembea hadi ukingoni, mahali bustani inapokoma na maji yanapoanza, akasimama kidogo. Nilifurahi kwamba alikwenda kutazama. Furaha yake haikuharibika, ila sasa anajua imejengwa juu ya nini.

Hapa Bujumbura hatuna bustani ya aina ile, na sioni kwamba tunaihitaji. Tuna ziwa. Tuna Musée Vivant yenye mamba wake na nyoka wake, iliyoanzishwa mwaka 1977, na tuna Jardin Public. Swali langu si la mashine. Ninauliza kama mkazi wa Buyenzi, Kamenge au Kanyosha anaweza kwenda mahali pazuri katika mji wake, peke yake, siku ya kawaida, bila sababu yoyote, akapokelewa. Na kama atapenda kurudi.

Nililijaribu mwenyewe. Alasiri moja niliteremka ziwani na kitabu changu, nikaketi kwenye mchanga mbele ya mahali pa vinywaji ambapo sitapataja. Haikupita robo saa, mlinzi akaja akaniuliza namsubiri nani. Nikamjibu kwamba simsubiri mtu. Jibu hilo lilimsumbua kuliko kama ningemwambia kwamba nimekuja kuiba. Akasema, "Basi agiza kitu, Mama, au usogee." Nikasogea, nikakuta ukuta. Nikauzunguka, nikakuta ukuta mwingine. Viboko wa Tanganyika wanaufikia ufuo ule kwa urahisi kuliko mimi niliyezaliwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu.

Mlinzi simlaumu, kwani anafanya alichotumwa. Lakini Sheria ya Maji ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 wa kuhifadhiwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kila mwenye macho anaona ni wangapi wamejenga ndani yake. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilikuja kuutafuta ukanda wake: maji yalipanda, yakaingia Gatumba, yakaingia mahotelini na majumbani pwani ya mji wetu. Walioteseka zaidi walikuwa maskini wasio na kuta, na hilo ndilo lililonizuia nisicheke.

Tena ipo haki inayosahaulika. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika na kustarehe. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 2018 inasema kwamba haki za Azimio hilo ni sehemu ya Katiba. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kwa jina lake katika ibara ya 31. Ninapowasomea wanafunzi maneno hayo, huwa wanatabasamu kana kwamba nimewatania. Tumezoea kuhesabu haki za njaa na za kura, nazo kweli ni za kwanza. Starehe tunaiona kama masalio ya mezani kwa walioshiba. Hata methali yetu inayomsifu mtembezi humtetea kwa faida: mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Naiheshimu methali hiyo, lakini namwonea huruma mtembezi anayetakiwa kuokota kitu kila anapotoka. Kijana wetu hushinda usiku kucha akipanga masanduku ya watu wengine. Siku zake chache za likizo si lazima zimletee kitu.

Inabaki shutuma ya shangazi. Hapo sina utetezi kamili, na sitajifanya ninao. Miaka sita ni mingi. Fedha hufika kila mwezi, lakini mama hakuzaa fedha. Nilimwambia kijana hivyo bila kuzunguka, na katika kumwambia nilikuwa, kwa maana ile nyingine ya kitenzi chetu, ninamrudi. Alikiri. Alisema pia jambo ambalo vibaraza havikulijua: kwamba kila akihesabu safari ya nyumbani, anahesabu zawadi za nyumba kumi na mbili, michango ya arusi mbili, na maswali ya kila jioni kuhusu mke, kiwanja na gari. "Japani nilihitaji tiketi tu," akasema. "Kwetu siwezi kuja nikiwa mimi tu."

Sentensi hiyo ilinikera, na bado inanikera, kwa sababu ina ukweli ambao sisi tumeutengeneza. Tunamdai arudi, huku tukimwekea mlangoni kodi asiyoimudu. Nilimpelekea mama yake maneno hayo, nikiyalainisha kidogo. Alinisikiliza, akaomba aione picha. Nikamwonyesha: mwanawe amesimama mbele ya maji, nyuma yake mlima wa bandia unatoa moshi, amevaa kofia yenye masikio makubwa, anacheka. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Picha hii aliipiga nani, kama alikuwa peke yake?" Nikamjibu kwamba wafanyakazi wa mahali pale huwapiga picha wageni wakiombwa. Akasema, "Mwandikie aje. Mwambie asilete kitu. Shangazi yake nitazungumza naye mimi."

Nimeandika. Jibu halijaja.

Nanyi wanafunzi wangu, kazi ya juma hili ni hii. Kabla ya Jumamosi, kila mmoja aende peke yake mahali pamoja pa wazi katika Bujumbura, akae hapo saa nzima, kisha aandike ukurasa mmoja. Atumie "kurudi," "kurudia" na "kurejea," kila neno angalau mara moja na kwa maana yake halisi. Aandike kama alilipishwa, kiasi gani na nani. Kama aliulizwa anamsubiri nani. Na kama angependa kwenda tena. Atakayefukuzwa mahali asipataje kwa jina, ila aeleze maneno aliyoambiwa, neno kwa neno.