Ipinde Antena, Usiikate

Jirani yangu mwenye pikapu ya kubebea mboga amevunjikiwa antena mara mbili kwenye lango lenye paa la chini, na mara ya tatu iling'olewa usiku. Kwa kuchoka, akachomeka kipande cha waya kisichozidi shibiri. Redio ikawa inakoroma. Fundi mmoja akamwambia redio imekufa, naye akachukua fedha alizomwekea mtoto kwa karo, akanunua nyingine. Nayo ikakoroma vile vile.

Wenye shida kama yake ni wengi, na dawa yake ni hanga moja la waya.

Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Katika megahetsi 100 za FM wimbi moja lina urefu wa mita 3, na antena iliyo juu ya bati la gari hupokea vema ikiwa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Ukiikata ibaki sentimita 20, umeipunguzia redio usikivu. Lakini robo hiyo si lazima isimame wima yote. Sentimita 20 za kwanza zisimame, kisha waya upindwe ulale sambamba na paa la gari. Usiulaze karibu zaidi na bati, kwani hapo usikivu hufifia. Kama redio yako hupokea pia mawimbi ya kati, tarajia hasara kidogo huko. Mawimbi hayo yana urefu wa mamia ya mita.

Nyoosha hanga, likwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae pale litakapofungwa, ukate sentimita 85. Ncha yake ikunje iwe kipete, maana waya ulio usawa wa macho ya watoto si wa kuchezea. Sehemu iliyolala ishikizwe kwa kipande cha kandambili ili isiguse bati. Iwe pembeni, mbali na macho ya dereva. Ukimaliza, ipake rangi kuzuia kutu; rangi haizuii mawimbi.

Sasa njoo kwenye shina, mahali ambapo wengi hawaangalii kabisa. Waya utokao kwenye redio una njia mbili: uzi wa katikati, ambao hufungwa kwenye antena, na nyuzi zilizosukwa kuuzunguka, ambazo lazima zishike bodi ya gari. Njia hizi mbili zisigusane hata kidogo. Kwa jirani yangu, ule msuko ulikuwa umekaa juu ya rangi na kutu, haushiki kitu. Tulikwangua bati, tukakaza nati, na mkoromo uliokuwa ukipanda kila akikanyaga mafuta ukapungua papo hapo.

"Kaka, kumbe ni kutu tu?" aliniuliza. Sikuwa na jibu la kumfariji.

Kilichobaki ni kuipatanisha. Lipeleke gari uwanjani, mbali na mapaa ya bati na nyaya za umeme. Tafuta kituo dhaifu, kwani chenye nguvu kitakudanganya. Hicho husikika hata kwa msumari. Kata sentimita moja kwenye ncha, uondoe mkono, usogee kando, usikilize. Mwili wa mtu aliye karibu hubadili upokezi, na hili ndilo lililotupotezea nusu saa nzima. Endelea hivyo mpaka sauti iache kuwa nzuri zaidi, kisha weka koleo chini. Ukipita hapo utakuwa unaharibu, na waya uliokatwa haurudi. Mwishowe ukunje kipete upya, kidogo sana.

Haya yote ni kwa kupokea tu. Anayetaka kurusha sauti kwa simu ya upepo garini aanze na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwake antena isiyopatana huweza kuunguza chombo chenyewe.

Waya wa jirani yangu umetulia kwenye sentimita 76, na langoni pikapu hupita bila kuinamishwa kitu. Redio yake ya zamani imerudi mahali pake na inasema. Ile mpya ameirudisha katika boksi lake, anatafuta mnunuzi kabla shule hazijafunguliwa.