Maziwa ya kwanza si machafu

Juma lililopita, tulipokuwa tunahesabu pesa za likelemba, mama mmoja aliyezaa karibuni alitueleza kwamba mama mkwe wake alimkamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga chini. Mtoto akapewa maji ya sukari siku mbili. Kosa la maziwa yale? Ni ya manjano na yananata. Wengine walicheka, lakini wengi wetu tuliinamisha macho, maana hata kwetu nyumbani jambo hilo limefanyika.

Basi tutazame kilichomwagwa. Ndani ya maziwa hayo mna protini inayoitwa laktoferini. Kazi yake ni kushika chuma. Kila moja ina nafasi mbili, na kila nafasi hukamata chembe moja ya chuma bila kuiachilia kwa urahisi. Vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kuongezeka bila chuma. Kikishikwa, vinabaki na njaa. Protini hiyo iko pia katika machozi na mate yetu.

Mwaka 1960 wataalamu kadhaa, pamoja na Jean Montreuil wa Ufaransa, waliitenga katika maziwa ya mwanamke. Lakini kuipima katika tone moja kunahitaji ujanja mwingine, na hapo sungura anatusaidia. Watu wa maabara humdunga sungura laktoferini ya binadamu. Mwili wake huiona kama mgeni, nao hutengeneza kingamwili, yaani askari wadogo wanaomtambua mgeni huyo mmoja tu na kumshika. Askari hao huchukuliwa katika damu yake, wakafungiwa kitu kinacholeta rangi. Wakiwekwa pamoja na maziwa, rangi huonyesha laktoferini ni nyingi kiasi gani.

Msidhani ni jambo la mbali. Kile kipimo cha haraka cha malaria, tunachongojea mstari wa pili kwa moyo kudunda, hutumia kingamwili vilevile. Chake kinakamata protini ya kidudu cha malaria. Cha mimba nacho ni ndugu yao.

Na vipimo vya laktoferini vimeonyesha nini? Maziwa ya siku za kwanza huwa na gramu 5 hivi au zaidi katika lita moja. Baada ya majuma kadhaa hushuka, yakabaki na gramu 1 mpaka 3. Ya ng'ombe kwa kawaida hayafikishi hata nusu gramu. Maji ya sukari hayana kitu.

Yule mama alituuliza kama mtoto wake amekwisha kupoteza yote. Hapana. Maziwa anayotoa leo bado yana laktoferini, basi amnyonyeshe bila kuchanganya na maji mpaka miezi 6. Kisha aongeze uji, maharagi na sambaza zilizosagwa, kwa kuwa akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua.

Kuhusu mama mkwe, tumekubaliana asigombezwe. Alifanya alivyofundishwa na mama yake. Jumamosi tutamkaribisha katika kikundi, na wale watatu walio karibu kujifungua waje pamoja na mama wakwe zao.